Kakatua wa Makaburini Woolwich

Kwa wiki tano, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilimlisha ndege wa mtu mwingine kila asubuhi, na kwa wiki hizo hizo mwenye ndege, mzee aliyekaa mwendo wa dakika sita kutoka nilipomlishia, alikuwa akikataa chakula. Mimi sikujua, na yeye hakujua. Aliyejua nusu ya habari alikuwa mke wangu, ambaye hakuniambia kwa sababu kazi yake ilimkataza. Nusu ya pili niliijua mimi, na sikumwambia kwa sababu sina desturi ya kuonyesha kazi ambayo haijakamilika. Nayaandika mambo haya kwa mpangilio wake kwa kuwa kila anapoyasimulia yeye, harusini au kwenye hitima, huanzia mwishoni, na watu hucheka kabla hawajaelewa.

Wakati huo nilikuwa mtunza ghala wa hospitali. Kazi yangu ilikuwa kujua kila sanduku la glavu liko rafu gani. Jioni nilisoma. Shule niliiacha mapema kule Unguja, kwa hiyo London nilijifundisha mwenyewe, somo moja kwa wakati, na sikuanza la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Nilisoma saa za ukutani, kisha ramani, kisha upigaji picha. Somo la kakatua, kasuku weupe wenye kishungi, lilikuja kwa sababu ya mvua.

Mvua ilinikuta katikati ya mji, nikaingia kwenye jumba la sanaa ambalo halina kiingilio. Katika chumba kimoja palikuwa na picha kubwa ya zamani. Watu wameizunguka meza usiku, na mtaalamu mwenye nywele nyeupe amemtia kakatua mweupe ndani ya tungi la kioo. Anamnyonya hewa, ili wageni waone kiumbe akikosa pumzi. Mtoto mmoja analia. Vijana wawili wanatazamana wao kwa wao. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akanisogelea. Jumapili iliyofuata nilirudi, na sioni haya kusema kwamba nilirudi kuona kama ndege yu mzima.

Baada ya hapo nilianza kuwatafuta. Wachora picha wa Ulaya waliwapenda sana kakatua. Waliwaweka juu ya vichwa vya watakatifu, kwenye viganja vya mabibi, kando ya mabakuli ya zabibu. Lakini wengi waliwachora vibaya. Kakatua, kama kasuku wote, ana vidole viwili mbele na viwili nyuma. Wachoraji wengi walimpa vitatu mbele na kimoja nyuma, miguu ya kuku. Nilitengeneza jedwali. Kisha nikageukia picha za kamera, nikakuta miguu iko sawa lakini mwili umeharibika: ndege mweupe, jua kali, manyoya yote yameunguzwa na mwanga yamekuwa kama shuka iliyoanikwa. Nikaamua kwamba kakatua mmoja duniani apigwe picha sawasawa, weupe uonekane weupe, na kila unyoya ujitenge na mwenzake. Shida ilikuwa moja tu. Kakatua wanaishi Australia na visiwa vya jirani, na mimi nilikuwa Woolwich.

Basi fikiria nilivyojisikia, asubuhi moja mwanzoni mwa Septemba, nilipokata njia kupitia makaburi ya zamani nyuma ya kanisa, nikainua macho nikamwona mmoja juu ya mti.

Mtu mwenye akili ya kawaida angesema: huyu katoroka kwa mtu. Mimi nilikuwa nimesoma mno kufikia jibu rahisi kama hilo. Nilijua kwamba London tayari ilikuwa na kasuku wa kijani waliozaliana wenyewe katika bustani zake. Ikiwa kasuku wa kijani wameweza, nilijiuliza, kwa nini si huyu? Nilinunua daftari jipya.

Siku iliyofuata nilirudi na kamera, na mbegu za alizeti mfukoni. Hapa ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa la malezi. Kwetu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Hata ukienda kumtazama mgonjwa kwa dakika tano, unabeba machungwa mawili. Kumwendea kiumbe kwake, kumsumbua kwa kamera alfajiri, halafu kumwachia baridi na shukrani tu, sikuweza. Sikuzihesabu mbegu zile kuwa chambo. Chambo hutegwa na mtu anayetaka kitu, nami nilijiona mgeni.

Nina daftari lile mpaka leo. Nitanakili sehemu chache kama zilivyo.

Siku ya 9. Saa moja na dakika kumi. Kaja mwenyewe, tawi la tatu. Kainua kishungi, kakishusha, kakiinua tena. Kainamisha kichwa mara nne. Maana: anatetea eneo lake.

Siku ya 14. Katua begani kwangu. Maana: hajawahi kuwindwa.

Siku ya 20. Kafungua zipu ya mfuko wa kamera kwa mdomo. Maana: kazoea matunda ya msituni yenye maganda magumu.

Siku ya 23. Kanisalimu kwa Kiingereza. Maana: kajifunza kwa wapita njia.

Kila Jumanne jioni nilihudhuria klabu ya wapiga picha, watu kumi na wawili hivi katika ukumbi wenye viti vya kukunja. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu aliyependa kanuni, na kwa sababu hiyo tulielewana. Mashindano ya Oktoba yalikuwa na kundi la wanyama, na kanuni yake ilikuwa fupi: mnyama awe huru, wala mkono wa binadamu usionekane katika picha. Nilimpelekea picha bora ya kakatua wangu, slaidi ya kuonyeshwa kwa mwanga. Aliishika mbele ya taa muda mrefu.

"Huyu yuko huru?" aliuliza.

"Nimemfuatilia kwa wiki nne," nilisema. "Nina maandishi."

"Hapa hapa London?"

"Woolwich."

"Basi tia sahihi."

Nikatia sahihi kwenye fomu, chini ya maneno ya kwamba mnyama huyu ni wa porini. Wiki moja baadaye mwenyekiti alinipigia simu kuniambia kwamba slaidi imepita mchujo wa kwanza, na kwamba ikishinda Jumanne ijayo itakwenda kwenye maonyesho ya vilabu vyote, katika ukumbi wa mji. Katika maisha yangu kitu changu hakikuwahi kupita mchujo wowote. Niliitikia kwa utulivu, nikakata simu, nikasimama jikoni bila kufanya lolote.

Jikoni hapo mke wangu alikuwa akikoroga uji wa mchele kwa tui la nazi. Yeye alihudumia wazee majumbani mwao: kuwaosha, kuwapa dawa, kuwalisha. Mmoja wao alikuwa amemtia wasiwasi tangu mwisho wa Agosti.

"Mzee wangu leo tena kakataa," alisema.

"Kakataa nini?"

"Kila kitu. Supu, mkate, hata chai. Mie nimeona nimpelekee uji wa kwetu, labda utamshtua."

"Mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ana huzuni."

"Huzuni ya nini?"

"Sina ruhusa kukwambia."

"Basi usinambie."

"Na sikwambii." Akakoroga. "Jumatatu daktari anakuja kumpima. Akimkuta bado hali, watamhamishia nyumba ya wazee, na kule akenda ndo basi tena. Humtoi."

Nilimsikitikia mzee yule kwa dhati, nikaenda kupanga mbegu za kesho.

Alhamisi nilichukua kioo cha kukuzia nikaikagua slaidi, iliyorudishwa kwangu mpaka Jumanne, kwa mara ya mwisho. Manyoya yalikuwa sawa. Vidole vilikuwa viwili mbele na viwili nyuma, kama nilivyotaka wachoraji wote waone. Na juu ya vidole vya mguu wa kushoto palikuwa na pete ya buluu, kama wanazovishwa ndege wa kufugwa.

Nilikaa nayo kwa saa nzima. Kisha nilifanya jambo ambalo mtu mtaratibu akilifanya hulipa jina zuri. Nilikata utepe mweusi mwembamba nikaubandika kwenye slaidi, chini, kutoka ukingo hadi ukingo, nikajiambia kwamba nimerekebisha mpangilio wa picha. Miguu ikapotea. Mimi niliyewasimanga wachoraji wa karne nyingi kwa sababu ya vidole nilikuwa sasa na kakatua asiye na miguu kabisa.

Ijumaa, baada ya kazi, nilitaka kuiona ukutani jinsi waamuzi watakavyoiona. Sebuleni kwetu ndipo tunaposalia, na mke wangu hapendi picha ya kiumbe ukutani.

"Hii ni ya mwanga," nilimweleza.

"Ukizima inabaki?"

"Haibaki."

"Basi washa. Lakini iwe imezimwa kabla ya magharibi."

Nikafunga mapazia, nikawasha projekta. Kakatua akatokea ukutani, mkubwa kama mlango, kishungi kimesimama. Nilingoja. Mke wangu alikuwa mtu wa kwanza kumwona. Aliweka chini kapu la nguo.

"Miguu yake iko wapi?"

"Nimeitoa. Kwa ajili ya mpangilio."

"Ndege umemtoa miguu kwa ajili ya mpangilio."

"Ndiyo."

Akaukaribia ukuta mpaka kivuli chake kikamfunika ndege tumbo. "Mguu wa kushoto ulikuwa na pete? Ya buluu?"

Nilizima projekta, sijui kwa nini. Tukawa gizani, saa kumi na moja jioni.

"Umejuaje?" nilisema.

"Washa taa. Huyu umempiga wapi?"

"Makaburini. Nyuma ya kanisa."

"Lini?"

"Wiki tano hizi. Kila asubuhi."

"Na baridi hii yote ndege wa nyumbani anakula nini huko makaburini?"

Nilifikiria njia ya kulijibu swali hilo kwa jumla. Haikuwepo. "Mbegu za alizeti," nilisema.

"Nani anampa?"

Nikaanza kukunja waya wa projekta.

"Bwana wee!" Aliketi juu ya kapu la nguo. "Huyu ndege wa mzee wangu! Mzee kageuza kiti kaelekea dirishani. Wiki tano dirisha wazi, nyumba barafu, mie nafanya kazi na koti. Ndege yule kashatoroka mara mbili huko nyuma, na kila mara siku ya tatu njaa ikamrudisha mwenyewe. Kwa hiyo anangoja ndege ashikwe na njaa. Nani angejua kama wewe unamshibisha!"

"Sikwenda kumzuia. Nilikwenda kumzuru."

"Kwa wiki tano!"

"Ningekwenda mikono mitupu?"

Hapo aliniangalia, na nadhani ndiyo mara pekee siku ile alipoona kwamba kosa langu lilitoka mahali anapopafahamu. Yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea mzee wa Kiingereza uji wa tui. Lakini hilo halikumzuia kuendelea.

"Kakusalimu?" aliuliza.

"Kwa Kiingereza."

"Na hukujua kama ana mwenyewe."

"Nilidhani kajifunza kwa wapita njia."

Akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalitikisika, nami nikangoja mpaka nijue ni kicheko au kilio. Kilikuwa kicheko.

Kabla ya magharibi nilimpigia mwenyekiti.

"Unaiondoa?" alisema. "Ndiyo picha pekee ambayo si ya kulungu."

"Ndege si wa porini."

"Nilikuuliza. Ukasema umemfuatilia."

"Nilimfuatilia vizuri. Nilikosea kufasiri."

Najua aliipenda ile slaidi, kwa sababu alisema jambo ambalo halikufanana naye. "Sikiliza. Hakuna atakayejua."

"Mke wangu anajua."

Mwenyekiti alikuwa na mke. Akasema anaelewa, akaniaga.

Usiku ule niliandika mpango wa kumshika ndege, wenye hatua nane, pamoja na ngazi, wavu na sanduku lenye matundu ya hewa. Mke wangu aliusoma wakati wa kunywa chai asubuhi, akaukunja, akaniambia nivae koti lenye mifuko mikubwa. "Kashakuzoea. Jaza mbegu, twende."

Alisema kweli. Jumamosi ile kakatua alishuka kabla sijafika kwenye mti. Alitua begani, akatia kichwa mfukoni. Nikaanza kutembea taratibu, mke wangu nyuma yangu na mkoba wake wa uji. Njia ya kwenda kwa mzee ilipita katikati ya soko, na hakukuwa na njia nyingine.

Nimeishi London miaka mingi nikijitahidi nisionekane. Siku ile nilipita katika soko la Woolwich saa nne asubuhi na ndege mweupe begani, akipiga kelele kila alipoona kofia. Mama mmoja wa Kinaijeria aliyeuza viazi vikuu aliniita mjomba, akaniuliza ndege bei gani, na kama anafaa kwa supu. Basi lilisimama bila kuwa na kituo. Mbele ya duka la vitambaa alikuwa amekaa mzee mmoja wa kwetu, wa Mji Mkongwe, ambaye tulisali pamoja kila Ijumaa na ambaye hakuwahi kunisikia nikifanya mzaha. Kakatua alikuwa wakati huo ananilamba sikio kama anayeninong'oneza.

"Mashaallah," alisema mzee, bila kuinuka. "Sheikh, umeongeza? Huyu ndo bi mdogo?"

"Asalaam alaykum," nilisema, nikiendelea kutembea.

"Mweupe kweli! Na mkubwa karidhia?"

"Mkubwa yuko nyuma hapa," alijibu mke wangu, "na bi mdogo namrudisha kwao. Miguu haionekani kwenye picha, lakini kelele zake!"

Soko zima lilicheka, hata wale ambao hawakujua Kiswahili.

Mzee wa mke wangu alikaa ghorofa ya tatu katika majumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, na lifti ilikuwa mbovu. Mke wangu alifungua kwa ufunguo wake, akaita hodi, kwa Kiswahili, kama alivyomzoesha. Ndani kulikuwa baridi kuliko nje. Kiti kilielekea dirishani, na kutoka nyuma niliona tu masikio mawili juu ya blanketi.

"Babu," mke wangu alisema. Yule mzee, Mwingereza wa Woolwich, aliyekuwa kondakta wa basi, aliitikia kwa jina hilo. "Geuka."

Hakupata nafasi ya kugeuka. Kakatua aliruka kutoka begani kwangu, akagonga pazia, akaanguka kifuani mwake, akaanza kupanda kwa mdomo na makucha mpaka usoni.

"Ulikuwa wapi, mpumbavu wewe?" mzee alisema. "Ulikuwa wapi?" Akamshika kwa mikono miwili. Mimi nilitazama zulia. Lilikuwa la kahawia.

Kisha akampapasa kifua kwa kidole gumba. "Kanenepa."

Mke wangu akaanza kufungua mkoba wa uji, na mzee akaendelea.

"Nilidhani kafa, na kumbe kanenepa. Nani kamlisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitoa daftari na kuomba ruhusa ya kueleza tangu mwanzo, kwa sababu niliona hiyo ndiyo heshima. Nikasoma, nikitafsiri kwa Kiingereza. Nilipofika siku ya tisa alinisikiliza kwa macho makali. Siku ya kumi na nne alianza kukohoa, na mke wangu akamletea maji. Siku ya ishirini na tatu alinizuia kwa mkono.

"Soma hiyo tena."

"Kanisalimu kwa Kiingereza. Maana: kajifunza kwa wapita njia."

"Miezi minane," mzee alisema. "Miezi minane nilimfundisha salamu ile, kila siku, hapa kwenye kiti hiki. Wapita njia!" Na kikohozi kikawa kicheko kibaya, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na amesahau namna ya kuvuta pumzi katikati.

Ingekuwa vizuri kama mambo yangeishia hapo. Lakini kakatua alisimama juu ya goti lake, akaangalia mfuko wangu, akaruka akatua begani kwangu. Mzee akaacha kucheka. Nilimrudisha. Akaja tena. Nilimrudisha, nikarudi nyuma hatua tatu, na ndege akaja kwa miguu, juu ya zulia, akipita kando ya meza bila haraka, mbele ya mwenyewe.

"Mtoe nje mtu huyu," mzee alimwambia mke wangu.

"Ni mume wangu, Babu."

"Nimesema mtoe nje. Na hizo mbegu aziache."

Niliziacha juu ya meza na nikasimama kwenye ngazi, mlango umefungwa. Kisha nikasikia dirisha likifungwa. Kisha kijiko kwenye bakuli, na sauti ya mzee ikilalamika kwamba uji hauna sukari, na sauti ya mke wangu ikisema kwamba siku zote alizomletea ulikuwa na sukari ila hakuuonja. Kisha kijiko tena.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimepoteza ndege, picha na nafasi katika ukumbi wa mji kwa siku mbili, na nilisikiliza kijiko kile kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote.

Mke wangu alipotoka alifunga mlango, akanishika mkono tukaanza kushuka. Katika kila nyumba aliyohudumia palikuwa na kitabu cha kuandika mteja amekula nini, na daktari angekisoma Jumatatu.

"Umeandika nini?" niliuliza.

"Sina ruhusa kukwambia."

Tulishuka ghorofa moja.

"Nimeandika: amekula bakuli mbili za uji na yai moja," alisema. "Ameomba sukari. Ndege amerudi. Palikuwa na mgeni mmoja, ametolewa kwa ombi la mteja."

Niliona ni maandishi mazuri, mafupi, yasiyo na maana zilizoongezwa. Kitu kimoja tu kilikosekana. Nikamuuliza kama ameandika alitumia muda gani kula.

"Dakika kumi na nne," alisema mke wangu. "Nilijua utauliza, nikatazama saa."